Ukuta kwa Ukuta na Mpiga Picha

Mpiga Picha alikuwa na sheria moja katika studio yake: mtu haruhusiwi kucheka. Ukionyesha meno, hata mawili, alitoa kichwa nyuma ya kamera, akakutazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi, kisha akakuuliza kama umekuja kupiga picha au umekuja kuuza miswaki. Ukiendelea, alikaa kwenye stuli, akawasha sigara na kusubiri umalize. "Picha ni ushahidi," alikuwa anasema. "Siku moja mtu ataishika aulize huyu alikuwa anacheka nini, na wewe hutakuwepo kumjibu."

Nilikaa naye jirani miaka kumi na moja pale Mabatini, Mwanza. Studio yake na banda langu la cherehani vilikuwa chini ya paa moja, vimetenganishwa na ubao mwembamba uliopakwa chokaa upande wake na kubandikwa kalenda upande wangu. Kila tusi alilompa mteja nililisikia. Mwanzoni niliona aibu kwa niaba yake. Baadaye nilizoea. Baadaye tena nikawa napunguza mwendo wa cherehani ili nisipitwe na kitu.

Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa heshima zote, halafu akauliza kama kuna mtu amefariki usiku kwa kuvaa gauni nililoshona. Hakuwa amekunywa. Hakunywa kabisa, alisema pombe inatikisa mkono. Alivuta sigara pakiti nzima kwa siku, ila akimkuta kijana na sigara alimhubiria juu ya mapafu mpaka kijana anazima.

Wiki ya kwanza tu alinipa kazi. Alikuwa na koti la kijivu la kuwaazima wateja, zuri, lenye bitana, lakini lilikuwa la mtu wa mwili wa kati, na mitaa yetu ilikuwa na watu wa kila mwili isipokuwa huo. Alitaka nilipasue mgongoni kutoka kola mpaka chini, nishone vikamba, ili mtu mnene alifungue na mwembamba alikaze. Nilifanya alivyotaka. Kwa mbele mtu alionekana mheshimiwa, kwa nyuma alionekana mgonjwa anayesubiri kupasuliwa. Miaka ile yote karibu kila mwanaume wa Mabatini aliyehitaji picha aliivaa ile kazi yangu. Nimekwenda misiba mingi, nikatazama picha ya marehemu juu ya jeneza, na badala ya kulia nikajikuta nakagua mshono wa kola.

Vyama vingi vilipoingia, wagombea wawili wa udiwani, mmoja wa chama hiki na mmoja wa kile, walikuja kwake siku tofauti kupiga picha za mabango. Aliwavalisha koti lilelile, tai ileile, akawakalisha mbele ya pazia lilelile lenye mchoro wa maporomoko ya maji. Mabango yalipobandikwa ukutani yakifuatana, bibi mmoja muuza dagaa alisimama akayatazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini mtu mmoja anagombea kwa vyama viwili. Wagombea wote wawili walikuja juu. Mpiga Picha aliwajibu, kwa sauti niliyoisikia vizuri kupitia ubao, kwamba yeye anapiga picha ya kilicho mbele yake, na kama wanataka kuonekana tofauti, waanze kuwa tofauti.

Kwa wakubwa ndivyo alivyokuwa. Kwa watoto wachanga alikuwa mtu mwingine. Mama angeingia na mtoto anayelia mpaka kope zimebadilika rangi, na yeye angechuchumaa mbele ya mtoto, aanze kumweleza kwa Kisukuma, polepole, kama anaongea na mzee mwenzake, jinsi bei ya pamba ilivyoshuka na jinsi ng'ombe wanavyohangaika na kiangazi. Mtoto alinyamaza, akamkodolea macho. Picha ilipigwa hapo. Ndiyo maana watoto wote wa mtaa wetu wana picha za utotoni ambazo wamekunja uso kama wanakamati.

Aliwasema wenzake kwa kuchelewa, na hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Harusi moja ya Igoma alifika bibi na bwana harusi wameshavishana pete na padri yuko kwenye baraka za mwisho. Mtu mwingine angejibanza ukutani apige kilichobaki. Yeye alitembea katikati ya kanisa mpaka mbele, akamnong'oneza padri, akamnong'oneza baba wa bibi harusi, na watu wote wakainuka, wakatoka nje, wakaanza upya kuanzia mlangoni. Pete zilivuliwa zikavishwa tena. Padri alikubali kurudia kila kitu isipokuwa mahubiri. Mpiga Picha alisema mahubiri hayaonekani kwenye picha, kwa hiyo hakuna hasara. Ndoa ile ipo mpaka leo, na mwenyewe alidai ni kwa sababu ilifungwa mara mbili.

Hayo yalikuwa maisha mazuri, nasi hatukujua kwamba ni mazuri. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na alizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya studio, kidogo kuliko choo. Akitoka humo alinuka dawa, vidole vya kahawia, ameshika karatasi mbichi kama mkunga aliyeshika mtoto. Hapo tu, kwa dakika moja, hakutukana mtu.

Kisha ile ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, iliyokuwa imetangazwa siku nyingi, ikafika mpaka kwetu, na kila kitu kikaja nayo. Mimi ilinianza na mitumba. Mwanamke aliyekuwa analeta kitambaa nimshonee gauni alikuta gauni tatu sokoni, zimeshashonwa, na bei yake hata siwezi kuisogelea. Yeye ilimwanza na mashine. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini, mtu wa makamo yake, ambaye familia yake iliuza vitambaa na nyuzi tangu kabla sijazaliwa. Mitumba ilipomharibia naye, alibakiza kona moja ya nyuzi na vifungo, na sehemu nyingine ya duka akaweka mashine ya kusafisha picha za rangi. Unaacha filamu, unakwenda kunywa chai, unarudi picha ziko tayari, nyekundu ni nyekundu na kijani ni kijani. Mpiga Picha hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita Mwenye Mashine, kwa namna mtu anavyosema mwenye kichaa.

Alisema rangi ni za kupaka milango. Akasema watu watachoka nazo kabla ya mvua za vuli. Mvua za vuli zikaja, na aliyekaa bila wateja ni yeye. Mjini wakajaa wapiga picha wa kutembea na vikamera vidogo shingoni, kila harusi, kila kipaimara, kila ufukwe siku ya sikukuu. Kwenye studio nikawa sisikii matusi. Nilisikia anapanga viti. Siku moja alikuja kusimama mlangoni kwangu, akatazama nguo zangu mbili zilizotundikwa bila mwenyewe, akasema, "Fundi, wewe umeuawa na mitumba na mimi nimeuawa na mashine. Tutafute jeneza moja tubanane."

Hakufa, wala hakunibana. Kama mwezi hivi baadaye nilikwenda mjini kununua uzi kwa Mwenye Mashine, nikamkuta Mpiga Picha kwenye kaunta, mfuko wa kaki kwapani, anatokwa jasho. Aliniambia ameingia kuuliza saa. Pale studio kwake kulikuwa na saa mbili ukutani. Mwenye Mashine, mtu mpole, mwenye miwani kwenye paji la uso, alimkabidhi bahasha ya picha za rangi za wateja wake mwenyewe. Toka siku hiyo alikwenda kila wiki, na kila wiki waligombana, au tuseme yeye aligombana. Alisema mashine inawafanya Wasukuma wawe na rangi ya nyanya. Alisema mashine inakata watu miguu. Mwenye Mashine alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mzee, karibu tena wiki ijayo."

Kilichomwokoa ni samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa ufukweni, na kimoja kilitaka kila mfanyakazi awe na kitambulisho chenye picha. Vijana wa vikamera walijaa langoni. Mpiga Picha alifika amechelewa, akapita katikati yao mpaka kwa meneja, akamwambia hawa wote mwakani watakuwa wanauza maji, mimi nitakuwepo. Alipewa kazi. Kila wafanyakazi wapya walipoajiriwa alikwenda na taa yake na pazia, akawapanga akina mama waliovaa mabuti meupe kwenye foleni, akawatukana mmoja mmoja, nao walimpenda. Jioni alirudi na mapanki kwenye ndoo, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, akagawa mtaa mzima huku akisema kwamba anatupa taka.

Siku za mwanzo kabisa za kazi ile, meneja alilalamika mbele yake kwamba makoti ya kazi yanachakaa haraka. Nilikuja kusikia alichomjibu. Alimwambia anamjua fundi mmoja, anashona vibaya lakini anashona upesi, na halii. Wiki iliyofuata gari la kiwanda lilisimama mlangoni kwangu na marobota ya kitambaa cheupe. Nilisomesha watoto wangu wawili kwa makoti yale. Nilipokwenda kumshukuru, alifunga mlango wa studio akasema ana kazi. Hakuwa na mteja hata mmoja ndani.

Ndiyo maana sikusema kitu nilipogundua kuhusu macho yake.

Alianza kwa kuazima futi yangu ya kupimia. Alikwenda nayo studio, akashika ncha moja kwenye kamera na nyingine kwenye pua ya mteja, akasoma kwa kuisogeza futi karibu kabisa na uso, kisha akazungusha lenzi. Wateja walidhani ni utaalamu mpya kutoka Japani. Mimi nilijua kwamba miaka yote alipima umbali kwa jicho tu. Halafu asubuhi moja nilisimama mlangoni kwake kimya kabla ya kumwamkia, akanitazama moja kwa moja na kusema, "Karibu baba," kama anavyomwambia mteja asiyemjua. Niliposema shikamoo, alicheka, akasema alikuwa ananitania. Kisha akanimiminia chai. Aliimimina mezani, pembeni ya kikombe, taratibu na kwa uangalifu, mpaka nilipomshika mkono. Alifuta meza, nami nikarudi kwenye cherehani.

Siku chache baadaye nilikwenda kununua vifungo, Mwenye Mashine akaniita nyuma ya duka. Alikuwa ametandaza picha mezani, za akina mama wa kiwandani. Nyuso zilikuwa zimelainika kama mkate uliolowa kwenye chai. Mmoja alikuwa na sikio na bega tu.

"Mzee haoni," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ni kweli, haoni.

Alikaa akizitazama. Akasema anaweza kumrudishia zile picha kama zilivyo, na kesho kiwanda kitamfukuza, na keshokutwa mzee atafunga studio, na baada ya hapo hajui. Kisha akauliza kama akina mama wale wanaweza kupita pale dukani siku ya Jumamosi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na tulifanya karibu miaka miwili. Wafanyakazi walikaa mbele ya Mpiga Picha kiwandani, wakatukanwa, wakapigwa picha. Jumamosi walipanda kwenda mjini, wakakaa kwenye kiti nyuma ya duka la Mwenye Mashine, wakapigwa tena. Picha za pili ziliingia kwenye bahasha ya Mpiga Picha, zikagongwa mhuri wake, akapewa yeye mwenyewe akazigawe. Mpiga Picha akilalamika juu ya kitu, Mwenye Mashine alimwambia labda filamu ilikuwa mbovu. Familia zilizopiga studio hazikwenda mjini. Zilichukua picha zao zenye ukungu na kuzitundika hivyohivyo. Ukiingia nyumba hizo uliona watu watano kama wamesimama ndani ya moshi, na mwenye nyumba anakuambia bila kusita kwamba huyu wa kushoto ni mjomba.

Ilikwisha siku Mpiga Picha alipotumbukia kwenye mtaro akienda kiwandani na kuvunjika mkono. Binti yake Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja akafunga studio, akamchukua kwenda kukaa naye Pasiansi. Huko ndiko alikompeleka hospitali, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa asubuhi na mtu akarudi nyumbani kesho yake. Miaka yote ile alikuwa anaogopa kisu. Mtu aliyewaambia wagombea udiwani waanze kuwa tofauti.

Nilikwenda kumwona majani ya Pasiansi yakiwa bado mabichi kwa mvua, wiki kadhaa baada ya jicho la pili kufunguliwa. Alikuwa amekaa dirishani, miwani mizito usoni, maboksi ya picha yamefunguliwa miguuni. Nikamwamkia. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Marahaba," alisema. "Kumbe umezeeka. Mimi nilidhani ni peke yangu."

Leokadia alileta chai akarudi jikoni. Mpiga Picha aliokota picha moja ndogo, moja ya zile nakala zilizokuwa zinabaki za vitambulisho, akanipa. Alikuwa mama mmoja wa kukata minofu, uso umetoka safi, hata unyoya wa nyusi unaonekana.

"Picha nzuri," alisema.

Nikasema ni kweli, nzuri.

"Sikukwambia uisifu. Nakwambia siyo yangu." Alinionyesha kwa ukucha. "Taa yangu naiweka kulia kwa mtu, siku zote, kwa sababu nilifundishwa hivyo. Kivuli cha pua kinalala kushoto. Huyu kivuli kimelala kulia. Nimefungua boksi zima. Wote wamelala kulia." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani alipiga?"

Nikamwambia tu ilivyokuwa. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Akina mama wa kiwandani walijua?"

"Wao ndio walikuwa wanakumbushana Jumamosi."

"Na watu wa mtaani?"

"Mtaa mzima, mzee."

"Na wewe."

"Na mimi."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea yote, maana sasa nilianza kuona jambo lenyewe kwa upande wake: miaka miwili mtu anatembea kifua mbele na kazi ya mwingine kwenye bahasha, na mji mzima unamwitikia ndiyo. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa anazigawa zile bahasha langoni, anawaambia wakatafute kama kuna mwingine Mwanza anayeweza kutoa picha kama hiyo. Walikuwa wanamjibu hakuna, mzee, hakuna. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja angezitazama.

Aliinua ile picha ndogo kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akapenga kamasi na kusema Leokadia hafuti vumbi.

"Leokadia," aliita. "Viatu vyangu."

Binti alitoka jikoni akauliza anakwenda wapi, na kwamba daktari amekataza vumbi la barabarani. Alimjibu kwamba anakwenda mjini, na daktari naye kama anataka aje. Mimi nikamwuliza kama anakwenda kumshukuru Mwenye Mashine.

"Kumshukuru," alisema, kama mtu anayeonja kitu. "Yule nimemtukana miaka yote, na nusu yake nilikuwa namtukana mtu nisiyemwona. Siyo haki. Nataka nimtukane nikimwona."

Tulikwenda. Pale dukani alikataa mkono wangu, akapanda ngazi mwenyewe, moja moja. Mwenye Mashine alikuwa nyuma ya kaunta, anahesabu vifungo vya mteja. Aliinua kichwa, akaacha kuhesabu. Mpiga Picha alimkagua kama alivyokuwa anawakagua watu kabla ya kuingia nyuma ya kamera, nywele, shingo, vifungo vya shati, mpaka ndara.

"Kumbe na wewe ni mzee," alisema.

"Siku nyingi sana," Mwenye Mashine alijibu.

Mteja alichukua vifungo vyake bila kujua vilikuwa vingapi. Mwenye Mashine alizunguka kaunta, akaondoa robota la kitambaa juu ya kiti kilichokuwa nyuma ya duka, kile cha Jumamosi, akampangusia. Mpiga Picha hakukaa. Alisimama akitazama ile taa iliyokuwa upande wa kushoto, akasema imewekwa mahali ambapo hata fundi bomba asingeiweka. Mwenye Mashine akamwuliza ingekaa wapi. Akamwambia. Mwenye Mashine akasema huko hakuna umeme. Mpiga Picha akasema umeme unavutwa.

Nilinunua uzi wangu mweupe, nikaacha hela kwenye kaunta kwa sababu hakukuwa na wa kuipokea. Nilipogeuka mlangoni, wazee wawili walikuwa wameishika taa moja, kila mmoja anavutia upande wake.